Kavaa kila kitu, sasa kaambukizwa wapi?

Kila ukitokea mlipuko wa ugonjwa wa kifua kuna swali linarudi, na watu wanaliuliza kwa mshangao wa kweli: daktari alikuwa na gauni, glavu, miwani, barakoa, ngao ya uso juu yake, yaani kajifunika kama mrina asali, halafu wiki inayofuata na yeye kalazwa. Imekuwaje? Wengine wanakimbilia kusema basi barakoa hazifanyi kazi, wengine wanasema hakuvaa vizuri, na kila upande una kaukweli kake kadogo ndo maana ubishi hauishi. Mi naona tatizo ni kwamba tunahesabu kuanzia mwisho. Barakoa ni kipa. Kipa ni muhimu, hakuna anayebisha, lakini mabeki wakikaa pembeni wakamwachia kila shuti ataokoa tisa na la kumi litaingia, na hapo kumtukana kipa ni kutafuta mchawi tu.

Kwanza tuone ukubwa wa jambo. SARS, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kirusi ndugu wa korona, iliyoanza mwishoni mwa 2002 na kuzimwa katikati ya 2003 iliwapata watu zaidi ya 8,000, ikaua 774, na katika hao walioumwa kama mmoja kati ya kila watano alikuwa mfanyakazi wa afya. Carlo Urbani, daktari wa Kiitaliano aliyepiga kengele kutoka Hanoi kwamba hiki kitu sio mafua ya kawaida, alikufa kwa ugonjwa huo huo tarehe 29 Machi 2003. Kwenye korona Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 walikufa wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000, wakaweka 115,500 kama makadirio ya katikati. Hebu angalia hilo pengo, elfu themanini mpaka laki na themanini, ni kubwa hivyo kwa sababu nchi nyingi hazikuwa zinaandika kazi ya marehemu. Mtu amefia kazini na kwenye fomu hakuna hata sehemu ya kuandika alikuwa anafanya kazi gani.

Sasa virusi vinamfikiaje? Mtu akipumua tu, bila hata kukohoa, anatoa chembechembe za majimaji kutoka mapafuni na kooni. Akiongea anatoa nyingi zaidi, akiimba au akipiga kelele ndo kabisa, akikohoa anamwaga. Zina saizi tofauti. Zile kubwa, unazoziona zikiruka mtu akiongea amesimama kwenye mwanga wa dirisha, zinaanguka haraka, zinatua mezani, kwenye shuka, mkononi kwako. Ndogo hazina haraka, zinaelea kama moshi wa sigara, na kama ushawahi kuingia kwenye lifti ambayo mvutaji ameshuka dakika mbili zilizopita unanielewa, yeye hayupo ila moshi wake bado unakusubiri.

Kwa miaka mingi vitabu vya hospitali vilichora mstari kwenye mikroni 5 (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwamba chembe kubwa kuliko hapo ni tone na linaanguka ndani ya mita moja au mbili, ndogo kuliko hapo ndo inasafiri na hewa. Wakagawa magonjwa hivyo hivyo, kifua kikuu na surua upande wa hewa, mafua na ndugu zake upande wa matone. Sasa wataalamu wa fizikia ya hewa walikuwa wanapiga kelele kwamba mstari umechorwa pasipo, chembe ya mikroni 20 bado inaweza kuelea ndani ya chumba na kupita hizo mita mbili, zinazodondoka kama kokoto ni kubwa zaidi, zile za kukaribia mikroni 100 huko. Hawakusikilizwa. Tarehe 28 Machi 2020 WHO waliandika hadharani kwamba korona haisambai kwa hewa, Julai mwaka huo huo wanasayansi 239 wakatoa barua ya wazi kuomba suala la hewa lichukuliwe kwa uzito, na mpaka 2024 ndo shirika likatoa msamiati mpya usiokuwa na ule mpaka wa mikroni 5.

Mtu wa nje anaweza kuona huo ni ubishi wa maprofesa juu ya maneno. Hapana bwana. Ukishaandika kwenye mwongozo kwamba ugonjwa ni wa matone, maana yake nesi anapewa barakoa nyepesi ya upasuaji, anaambiwa akae mbali mita moja, na dirisha sio habari. Ukiandika ni wa hewa, maana yake anatakiwa apewe barakoa ya N95, ile nzito inayobana uso na kuchuja hewa, iliyopimwa usoni kwake, na mwenye hospitali inabidi aanze kufikiria mafeni na mabomba ya hewa. Neno moja linaamua bajeti. Na wakati huo N95 zilikuwa hazipatikani dunia nzima, kwa hiyo ukiniuliza mimi, uhaba uliingia kwenye sayansi kwa mlango wa nyuma, wakubwa wakajikuta wanauona ugonjwa kwa saizi ya stoo yao. Ingekuwa afadhali kusema wazi, "hii ya upasuaji haitoshi ila ndo tuliyo nayo", kuliko kumwambia mtu inatosha.

Kuna kosa lingine lilizaliwa na mfano wa kweli kabisa. Machi 2003 kwenye wodi moja ya hospitali kubwa Hong Kong alilazwa kijana ana nimonia, hakuna aliyejua ni SARS, akawekewa mashine ya kuvuta dawa ya mvuke ili kifua kifunguke. Watu 138 walikuja kuhesabiwa kwenye mlipuko ule, 69 kati yao wafanyakazi wa afya na 16 wanafunzi wa udaktari. Mashine ile ikalaumiwa, na tangu hapo miongozo mingi ikawa na orodha ya shughuli za hatari, kuingiza mpira wa kupumulia kooni, kunyonya makohozi, mashine za mvuke na kadhalika, kwamba ukifanya mojawapo ndo unastahili N95. Kwenye korona watafiti wakaingia vyumba vya upasuaji na vifaa vya kuhesabu chembe, wakakuta mgonjwa aliyelazwa usingizi akiingizwa mpira kooni anatoa chembe chache mno kuliko mtu anayekohoa. Chache mno! Fikiria sasa nani yuko hatarini zaidi. Daktari wa usingizi ana kila kifaa, anafanya kazi yake dakika chache kwa mgonjwa asiyekohoa. Nesi msaidizi yuko wodini anambadilisha mzee shuka, anamgeuza ubavu, anamlisha, anamsafisha, nusu saa nzima mzee anamkoholea usoni, na kavaa ile nyepesi kwa sababu kubadilisha shuka hakumo kwenye orodha. Mfanya usafi naye anaingia baada yake na ndoo, humo humo, hewa ile ile. Ndo maana kila nikisikia "walio mstari wa mbele" najiuliza mstari huo umepimwa kwa cheo au kwa pumzi.

Haya, turudi kwa mabeki. Watu wa usalama kazini wana ngazi yao ya kupanga kinga, na ni ile ile iwe ni vumbi la mgodini, kemikali kiwandani au virusi wodini: kwanza ondoa hatari yenyewe, ukishindwa itenge na watu kwa majengo na mitambo, kisha panga kazi vizuri, na mwisho kabisa ndo uvalishe mtu kitu. Ya juu zaidi ndo ina nguvu zaidi kwa sababu haimtegemei binadamu aliyechoka kukumbuka. Dirisha halisahau.

Kuondoa hatari hospitalini haiwezekani moja kwa moja, mgonjwa ndo kazi yenyewe, lakini unaweza kumtambua mapema. Mfano mzuri ninaoujua ni wa Kanada, tarehe 7 Machi 2003. Siku moja hiyo hiyo wagonjwa wawili wa SARS waliingia hospitali mbili, mmoja Vancouver, mwingine Toronto. Yule wa Vancouver alitengwa haraka na waliomhudumia wakavaa barakoa nzuri, ugonjwa ukaishia hapo. Wa Toronto alikaa saa nyingi kwenye chumba cha dharura katikati ya wagonjwa wengine akisubiri kitanda, na kutoka hapo mlipuko ukaenea, mpaka unaisha Kanada imezika watu 44, kati yao manesi wawili na daktari mmoja. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Archie Campbell baadaye ilisema kitu ambacho mi naona kingebandikwa kwenye kila ofisi ya mganga mkuu, kwamba hatua za busara za kupunguza hatari hazitakiwi kusubiri mpaka sayansi iwe na uhakika wote. Hiyo ripoti ya mwisho ilitoka Desemba 2006, ikakaa inasubiri miaka kumi na tatu, korona ikafika na tukaanza upya kubishana uhakika.

Ila korona ilikuwa na ujanja ambao SARS haikuwa nao. Mgonjwa wa SARS alikuwa anaambukiza sana akiwa tayari anaumwa kweli kweli, kwa hiyo kupima joto mlangoni kulisaidia. Wa korona anaweza kuanza kuambukiza kama siku mbili kabla hajahisi chochote, na wengine hawahisi kabisa, kipimajoto kinamsalimia kinampitisha. Hapo kumtafuta "mgonjwa mwenye dalili" kunakuwa hakutoshi, ndo zikaja sheria za kila anayeingia hospitali kuvaa barakoa, mgonjwa, ndugu, mhasibu, wote. Watu waliiona kero lakini mantiki yake ni rahisi: barakoa ya mgonjwa inakata virusi kwenye chanzo kabla havijatawanyika, na ni rahisi zaidi kuzuia maji bombani kuliko kuyadeki sebuleni.

Kwenye hewa naomba tukae kidogo maana hapa ndo kuna utamu wenyewe. Wahandisi wanahesabu mara ngapi kwa saa hewa yenye ujazo wa chumba inaingizwa na kutolewa. Chumba cha kutenga mgonjwa wa ugonjwa wa hewa kikijengwa kipya kinatakiwa kipate angalau mara 12 kwa saa. Usidhani maana yake kila dakika tano hewa yote inakuwa mpya. Chukua ndoo ya maji yenye rangi, iweke chini ya bomba la maji safi yamwagike kwa juu: maji safi yanachanganyika na ya rangi, yanayomwagika ni mchanganyiko, kwa hiyo rangi inapungua pole pole haiondoki kwa mkupuo. Hewa ni hivyo hivyo. Kwa mara 12 kwa saa, mgonjwa akishatoka chumbani inachukua kama dakika 23 kuondoa asilimia 99 ya chembe. Kwa mara 6 ni dakika 46. Chumba kilichofungwa kinachopata mara 2 tu kinahitaji zaidi ya saa mbili na robo, na hizo ni hesabu za hewa inayochanganyika vizuri bila kona zilizolala, kwenye uhalisia ni mbaya zaidi. Sasa piga picha chumba cha aina hiyo mgonjwa ametolewa, dakika tano baadaye mfanya usafi kaambiwa akisafishe haraka kuna mwingine anasubiri. Kitanda kitupu, chumba kinaonekana salama, yeye anavuta tu.

Vyumba vya kutenga vilivyojengwa vizuri vina kitu kingine, hewa inanyonywa nje kwa nguvu kuliko inavyoingizwa, kwa hiyo mlango ukifunguliwa hewa ya korido inaingia chumbani badala ya hewa ya chumbani kutoka koridoni. Nesi anakipima kwa kushika kitambaa cha karatasi chini ya mlango, kikivutwa kwa ndani ni sawa, kikipepea kuja kwake kuna shida. Mtambo wa namna hiyo ni ghali na ukikatika umeme umebaki na chumba kisichopumua, ndo maana mwongozo wa WHO wa 2009 uliruhusu madirisha kabisa, ukaweka lengo la lita 160 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa kwenye vyumba vya magonjwa ya hewa. Madirisha mawili yanayotazamana na kaupepo kidogo yanaweza kuipita mitambo mingi. Tatizo la dirisha ni kwamba upepo haupokei amri, leo unavuma huku kesho umegeuka, na mhudumu anatakiwa awe na akili ya kukaa upande unakotoka upepo, mgonjwa awe upande unakokwenda. Hilo jambo dogo hufundishwa kwa nadra sana.

Na kama huna mtambo wala dirisha la maana, kuna mashine za kusafisha hewa zenye filta ya HEPA, inayokamata asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3, unaichomeka tu ukutani, ilimradi uwezo wake ulingane na chumba na watu wasiizime eti inapiga kelele (wanaizima, amini usiamini). Kuna taa za mionzi ya UV zinazofungwa juu karibu na dari zikaua vijidudu kwenye hewa ya juu huku watu chini hawaguswi. Na kuna kifaa kidogo cha kupima hewa ya ukaa: nje inasoma kama 420 (yaani sehemu 420 kwa kila sehemu milioni za hewa), ndani ikianza kusoma 1,500 ujue mnavuta pumzi mlizokwisha kuzitoa. Hakipimi virusi, na mashine ya HEPA ikiwa inafanya kazi hakitaiona kwa sababu filta haiondoi hiyo gesi, lakini kwa kumwonyesha bosi kwamba chumba kimefunga hakuna kama hicho, namba haibishani.

Sasa tumefika kwa kipa. Wazo la barakoa ya kumkinga mhudumu lina historia, na inaanzia pabaya. Desemba 1910 daktari kijana, Wu Lien-teh, alitumwa Harbin kaskazini mashariki mwa China ambako tauni ya mapafu ilikuwa inafyeka watu. Ile ni bakteria sio virusi, lakini njia ni pumzi, na yeye ndo aliyesisitiza hilo wakati wakubwa wanaamini panya na viroboto. Akatengeneza barakoa ya pamba na shashi, akawaambia wote wavae. Daktari Mfaransa mwenye umri na uzoefu kumzidi, Gérald Mesny, akamdharau, akaingia wodini bila kitu usoni, siku chache baadaye akafa. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kubembelezwa.

Ya siku hizi ni kitu tofauti kabisa na shashi. Mabishano ya mitandaoni utasikia "virusi ni vidogo kuliko matundu ya barakoa, ni kama kuzuia mbu kwa uzio wa ng'ombe." Linasikika la maana, ila filta sio chujio la chai. Ndani ya N95 kuna msitu wa nyuzi zilizotandazwa ovyo ovyo, na zimechajiwa umeme kiwandani. Chembe kubwa haiwezi kukata kona kufuata hewa, inagonga uzi. Chembe ndogo mno inatikiswa na molekuli za hewa, inayumba kama mlevi njia nzima mpaka inagonga. Na zote zinavutwa na ule umeme kama nywele zinavyovutwa na chanuo. Iliyo ngumu kukamata ni ya katikati, mikroni 0.1 mpaka 0.3 hivi, na ndo maana kipimo kinafanyiwa maeneo hayo hayo: N95 lazima ikamate angalau asilimia 95 ya chembe za saizi hiyo ngumu, FFP2 ya Ulaya asilimia 94, FFP3 asilimia 99. Zilizo ndogo zaidi na kubwa zaidi inazikamata vizuri kuliko hapo. Na virusi vyenyewe havitembei uchi, vinasafiri ndani ya chembe ya majimaji kubwa kuliko vyenyewe.

Umeme huo huo ndo unaeleza kwa nini 2020, watu walipokuwa wanavaa N95 moja siku kadhaa, waliozipulizia spiriti au kuzifua kwa sabuni walikuwa wanaziua. Inabaki na sura ile ile, chaji imekwenda, unavaa kitambaa. Waliokuwa wanaziweka kwenye mfuko wa karatasi na kuzizungusha siku hadi siku walikuwa na akili zaidi.

Filta nzuri isiyobana uso ni mlango wa chuma uliowekwa kwenye ukuta wenye tundu. Barakoa ya upasuaji ilitengenezwa ili mate ya daktari yasidondoke kwenye kidonda, pembeni iko wazi na hewa inapita hapo kwa sababu hewa ni mvivu, inafuata njia rahisi. N95 nayo lazima upimwe nayo uso kwa uso. Unakalishwa kwenye kiti, unavaa barakoa, unavishwa kofia kubwa ya nailoni yenye dirisha mbele, mtu anapuliza ndani yake dawa ya utamu mkali. Unaambiwa pumua kawaida, vuta kwa nguvu, geuka kushoto kulia, juu chini, soma kipande cha maandishi kwa sauti, inama. Ukisikia utamu ulimini tu, hata kidogo, imeshindwa, jaribu nyingine. Watu wanashangaa sana hapo, mtu ameivaa miezi minne akiiamini, utamu umemfika kabla hajamaliza sentensi ya pili. Ndevu ndo adui namba moja, hata za siku mbili. Na nyuso za kike zilisahaulika muda mrefu, saizi nyingi zilitokana na vipimo vya wanaume, wakati kama theluthi mbili ya wafanyakazi wa afya duniani ni wanawake. Kisha bosi ananunua aina nyingine mwezi unaofuata kwa sababu ni rahisi, na vile vipimo vyote vinakuwa kazi bure maana kipimo ni cha uso huo na barakoa hiyo tu. Mi sielewi kwa nini zile za mpira zenye filta za kubadilisha, kama za wapaka rangi ya magari, hazitumiki zaidi, zinasafishika, zinabana vizuri, moja inadumu miaka. Zinatisha wagonjwa kidogo na sauti inakuwa ya kwenye pipa, basi.

Kuvua ndo mtihani kuliko kuvaa. Unavaa asubuhi una nguvu, unavua saa sita baadaye jasho limekujaa machoni na una mkojo. Glavu unaishika kwa nje kwenye kifundo unaigeuza ndani nje, gauni unalikunja upande mchafu uwe ndani bila kulikung'uta, mikono, miwani kutokea nyuma, mikono tena, unatoka chumbani, na barakoa mwisho kabisa, kamba ya chini kwanza halafu ya juu, mbele hugusi. Pua inawasha muda wote huo. Hospitali zenye akili zinamweka mwenzako mlangoni akusomee hatua moja moja kama rubani na msaidizi wake, sio kwa sababu hujui, kwa sababu umechoka. Na mchanganyiko wa vitu unalipa: utafiti wa Hong Kong wa 2003 kwenye hospitali tano uliwaangalia wafanyakazi 254, waliosema wanatumia vyote vinne, barakoa, glavu, gauni na kunawa mikono, walikuwa 69 na hakuna hata mmoja aliyeugua SARS, wakati wote 13 walioambukizwa walikuwa wameruka angalau kimoja.

Chanjo nayo ikifika inabadilisha mchezo, hasa kwenye kuumwa sana na kufa, na ni haki wahudumu kupewa mwanzo kama ilivyofanyika nchi nyingi kuanzia Desemba 2020. Ila kwenye ugonjwa mpya inafika imechelewa, miezi ya kwanza unapambana bila hiyo.

Kitu ambacho hakionekani kama kinga kabisa ni ratiba ya kazi na mshahara. Mfanyakazi wa kibarua asiyelipwa akiumwa atakuja na homa yake, atameza vidonge vya kushusha joto akupitie mlangoni akitabasamu, na sio kwamba ni mtu mbaya. Kwenye nyumba za kutunzia wazee 2020 ilionekana hivyo, watu wanafanya shifti sehemu mbili tatu ili wapate riziki ya kutosha, na virusi vikapanda basi pamoja nao kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Kumlipa mtu abaki nyumbani ni kifaa cha kujikinga kama glavu, tofauti yake hakiingii kwenye boksi.

Basi yule daktari wetu. Saa sita za wodi kakoholewa na watu ishirini, barakoa imebana mpaka imemchora mashavu, kavua hatua kwa hatua na mwenzake akisoma, kanawa. Anasukuma mlango wa chumba cha mapumziko. Ni kachumba kadogo, kiti kimoja kimevunjika mguu, dirisha lilipigwa rangi na fremu yake miaka ile halifunguki. Ndani wako watano, wanamjua, amefanya nao kazi miaka, hawa sio wagonjwa bwana hawa ni watu wake, wote wameteremsha barakoa kidevuni wanakula, na mmoja kati yao tangu jana koo linamkereketa ila alifikiri ni uchovu. Anavuta kiti kizima anakaa katikati yao, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anavuta pumzi ndefu.